Nilipong'oa Chai Nikapanda Nyumba

Kwenye ule mkutano wa watu wanaolala nje mimi sikualikwa. Zilialikwa sufuria zangu, na mimi nikazifuata kwa sababu haziwezi kujibeba. Mzee wa kanisa alinituma niwapikie wakubwa chai na viazi vitamu, basi nikaketi nyuma kabisa ya ukumbi, karibu na mlango wa jikoni, na masikio yangu sikuwa nimeyaacha nyumbani. Mkiniona naenda kando katika kueleza, mnivumilie. Mdomo wangu ni kama ng'ombe anayelishwa kando ya barabara: njia ya nyumbani anaijua, lakini lazima aonje ua wa kila jirani.

Mji wetu ni mdogo, chai imeuzunguka pande zote kama mtu aliyejifunika blanketi mpaka shingoni. Siku hizi kuna watu wanauita jiji, na hawacheki wakisema. Sasa jiji lazima liwe na mambo ya jiji, na ndiyo sababu mkutano uliitwa. Watu wanaolala kwenye veranda za maduka wanaharibu sura ya mji. Hivyo ndivyo alivyoanza mwenyekiti wa kamati, mtu mwenye duka kubwa la mabati na simiti pale chini ya soko. Hakusema watu wanaumia. Alisema sura ya mji inaumia.

Ukimsikiliza mwenyekiti utafikiri wale watu waliota pale verandani kama uyoga. Mimi nawajua. Wengi ni wazee waliochuna chai ya makampuni tangu ujana wao, watu waliotoka kule ziwani, magharibi, wakapewa chumba kwenye laini, zile nyumba za safu za kampuni, wakazaa humo, wakazeeka humo. Chumba kinaenda na kazi. Halafu mashine ya kuchuna ikaja, vijana wawili wanaishika huku na huku, inanyoa chai kama kinyozi, na mwanamke aliyechuna kwa vidole mpaka vikawa vyeusi visivyotakata anaambiwa asante mama, rudisha ufunguo. Ukiuliza aende wapi, unaambiwa aende kwao. Kwao wapi? Shamba la kwao ndugu waligawana yeye akiwa huku mgongo umeinama, na kikapu kimemkaa mgongoni kama mtoto asiyeachishwa ziwa.

Marehemu mume wangu alifanya kazi kiwandani, chumba cha kukaushia, na mpaka anakufa mashati yake yalinuka majani. Hata nikifua. Nilimwambia siku moja, wewe ukikatwa utatoka chai badala ya damu, akacheka mpaka akakohoa. Lakini sisi tulikuwa na kipande chetu cha ardhi, cha baba yake. Bila hicho kipande ningekuwa nani? Ningekuwa pale verandani naharibu sura.

Narudi mkutanoni. Watu walisema, na kila mtu alitaka maikrofoni ingawa ukumbi ni mdogo na hata mimi na masikio yangu ya uzee nilisikia. Mmoja alisema wapandishwe basi warudishwe kwao. Mwingine, mtu wa makamo mwenye tai, alisema kila kanisa lichukue mtu wake mmoja, na hapo makanisa yote yakaangalia chini kama watoto waliovunja chungu. Kuna aliyekumbusha lile jambo la lori, akaambiwa kwa haraka aketi. Mnalijua? Kulikuwa na mgeni mkubwa anakuja, basi asubuhi wale wazee wakapakiwa kwenye lori, wakapelekwa mpaka upande wa Boito, wakashushwa kando ya barabara kama viazi. Sisemi nani alituma lori. Watu wa kule wakauliza, hawa ni wa nani? Wakawapa uji, halafu kesho yake wakawarudisha na pikapu ya maziwa, wamekaa katikati ya mitungi. Watu wa Boito wana adabu. Sisi tulikuwa na mgeni.

Na sasa nawaambia kitu kilichonichoma kuliko vyote. Katika wale watu waliokuwa wakizungumziwa, mmoja alikuwepo. Alikuwa nyuma yangu, jikoni, anaosha vikombe vyao.

Huyo ndiye mama ninayetaka kuwaeleza. Alikuwa mchuna chai, mjane, mtu wa ziwani, mwembamba, mrefu, na sauti ya chini. Alilala kwenye veranda ya duka la mbegu, na mchana alikuwa akinisaidia kuosha vyombo nikiwa na kazi ya kupika, nikampa chakula na kidogo cha mfukoni. Ukuta kati ya jikoni na ukumbi ni wa mbao. Kila neno alilisikia. Wakisema "hawa watu," yeye anasuza kikombe. Wakisema "uchafu," anasuza kingine. Nilimwangalia, akaniambia polepole, "Kogo, sukari imeisha kwa meza ya mbele." Kogo ndiyo nyanya kwa lugha yetu, alikuwa ameshajifunza.

Ndipo nikasimama. Mimi shule niliiacha darasa la pili, na mbele ya maikrofoni ulimi wangu huwa mzito, kwa hiyo nilikataa maikrofoni nikasema na mdomo wangu.

"Kwa baba yangu, kule upande wa Sosiot, nyumba ya mtu ikiungua hatukuita mkutano na viazi. Kokwet ilikaa."

Kokwet ni majirani wa mlima mmoja, wale wanaoweza kusikia ukipiga kelele. Kila boma na sauti yake. Mchana unafika wanaume wamekata nguzo, wanawake wameleta nyasi na udongo na samadi, na jioni aliyeunguliwa anawasha moto ndani.

"Mimi nina ukingo wa shamba pale juu karibu na barabara," nikasema. "Naung'oa chai. Nyinyi leteni mabati, tumjengee mmoja. Tukiweza mmoja tutaweza wa pili."

Wakapiga makofi. Mwenyekiti akasema hilo ndilo alilokuwa anaelekea kusema. Mabati na misumari akaahidi yeye, nguzo wakaahidi vijana wa kanisa, na kukandika tukachukua sisi akina mama wa chama. Na wa kwanza kujengewa akawa huyo mama wa vikombe, kwa sababu mimi nilimtaja kwa kamati baadaye, yeye akiwa ameshaondoka.

Kung'oa chai si kama kung'oa maharagwe. Mzizi wa chai ya zamani umeshuka chini kama kisima, unachimba, unakata, unatukana, unachimba tena. Jirani yangu, boiyot mmoja, ndiyo kusema mzee, ambaye haachi kuegemea ua wangu, akaja kutazama.

"Kogo, ni kweli nasikia? Unang'oa chai upande mtu?"

"Ni kweli."

"Tena mtu wa ziwa? Unampa ardhi?"

"Nampa pa kulala. Ardhi nitaiacha hapa nikifa, kama utakavyoiacha yako. Au wewe umeshaitafutia gunia?"

Akaenda. Baadaye akarudi na jembe lake, akachimba mpaka jua likaelekea magharibi. Yeye ni mtu wa hivyo, mdomo wake ndio mbaya, mikono ni mizuri.

Nyumba ilijengwa Jumamosi moja. Nasema ukweli, ilikuwa siku ya raha. Vijana walipandisha nguzo na fito, mabati yakapigiliwa yanang'aa, na sisi tukakandika tukiimba, mavi ya ng'ombe mpaka viwikoni. Lakini mwenye nyumba hakuwepo. Mwenyekiti alikuwa amesema tusimwambie, tumshtukize, yeye alete na mpiga picha Jumapili baada ya ibada. "Mnataka kuona uso wake akifurahi," akasema. Kwa hiyo mama alikaa mjini akiosha vyombo vyangu vya harusi niliyopikia, hajui kwamba nyumba ni yake. Na mimi niliyekuwa naye karibu kuliko wote, sikumwambia pia. Niliona ni utani mzuri.

Jumapili tukamleta. Kulikuwa na utepe mwekundu mlangoni, mwenyekiti na suti, mzee wa kanisa na Biblia, na watu wengi waliokuja kuona kufurahi kwa mtu. Utepe ukakatwa. Mwenyekiti akasema kwa sauti ya redio, "Mama, hii ni nyumba yako! Ingia!"

Mama alitazama mlango. Akatazama nguzo, moja moja, kama mtu anayetafuta uso wa mtu anayemjua kwenye umati. Halafu akaweka kifurushi chake chini, akakaa juu ya gogo pale nje.

"Asanteni sana," akasema. "Mungu awabariki nyote. Siwezi kuingia."

Weeh! Kelele za siku hiyo mngezisikia mpaka Bomet. Mpiga picha alishusha kamera. Mwanamke mmoja wa chama chetu, ambaye sisemi kitu juu yake isipokuwa ana mdomo, akasema, "Si niliwaambia? Mtu akizoea veranda, ukuta unamkaba." Kijana akasema labda anataka ya mawe. Mwenyekiti alimwinamia, bado anatabasamu kwa ajili ya kamera, lakini tabasamu lilikuwa limeshakauka.

"Mama, usituaibishe mbele ya watu. Ingia tu, upigwe picha, mengine tutaongea."

"Siwezi, mzee. Nisamehe."

"Kwa nini?"

Alitazama ule umati, akatazama chini. Na mimi nilielewa baadaye kwamba kuna mambo mtu hawezi kuyasema mbele ya watu waliokuja kumtazama akifurahi.

Mwenyekiti akanyooka. "Basi sikilizeni. Mabati ni ya kamati. Jumamosi ijayo asipokuwa ndani, tunakuja kuyang'oa, tumpe mtu mwenye shukrani."

Mama alichukua kifurushi chake, akateremka barabara kurudi kwenye veranda ya duka la mbegu, na nyuma yake watu wakawa wanacheka. Nilikasirika usiku kucha, lakini sikujua nimkasirikie nani. Nilimkasirikia hata yeye. Nilikumbuka mizizi ya chai yangu.

Jumatatu nilikuwa na vyombo, akaja kuosha kama kawaida. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikamwuliza, kitu ambacho mji mzima na mkutano wao hawakukifanya, wala mimi.

"Mama, nyumba ina nini?"

Aliosha sahani mpaka akaimaliza. "Kogo, mngenikodishia chumba mjini ningelala. Mngenipa blanketi ningejifunika. Lakini nyinyi mmesema ni nyumba yangu."

"Si ni yako?"

"Ndiyo shida. Nyumba yangu ina sheria yake. Mimi ni mjane. Kwetu, nguzo ya kwanza ya nyumba ya mjane inapandwa na mwanamume wa upande wa mume wake. Mwana wangu angekuwa hai angeipanda yeye. Nikiingia kwenye nyumba iliyosimamishwa na watu tu, watu wa mume wangu watasema nimejitoa kwao. Siku nikifa hawatakuja kunichukua. Na mume wangu yuko kule peke yake, Kogo, kaburi lake lina nafasi upande wa kushoto. Hiyo nafasi ni yangu."

"Na zile nyumba za kampuni ulizolala miaka yote?"

"Za kampuni ni za kampuni. Na veranda ni ya mwenye duka la mbegu. Sikuwa na nyumba, kwa hiyo sikuwa na kosa."

Sisi tulimwambia achague kati ya kitanda na kaburi lake, tena tukamletea mpiga picha. Na tungeuliza tungeambiwa! Neno moja, siku ya kwanza, kabla shimo halijachimbwa. Lakini mtu anayelala nje haulizwi ni wa desturi gani, utafikiri desturi zinabaki ndani ya nyumba alikofukuzwa, pamoja na ufunguo.

Nilikwenda kwa mzee wa kanisa. Nilifikiri ataelewa. Akatikisa kichwa. "Hayo ni mambo ya giza, mama. Tukiyakubali tunamrudisha nyuma kiroho."

"Mzee," nikamwambia, "ulipohamia nyumba yako ya mawe uliita wazee wakanyunyiza mursik mlangoni. Nilikuwepo, maziwa yenyewe yalitoka kwenye kibuyu changu. Hiyo ilikuwa mwanga?"

"Hiyo ilikuwa baraka."

"Aha. Yetu ni baraka, yao ni giza. Nimesikia."

Kwa mwenyekiti sikuenda. Niliogopa mdomo wangu.

Jumatano mchana ikanyesha mvua ya mawe. Wenye chai mnaijua ile, inakuja na kelele kama lori la kokoto linamwagwa, na ikiondoka chai imebaki vijiti. Mimi nilisimama mlangoni kwangu nikitazama majani yangu yanakatwakatwa, na nikatazama juu kule barabarani, ile nyumba mpya inapigwa mabati yake, pa! pa! pa!, kavu ndani, tupu. Na mwenye nyumba yuko chini ya kibati cha mtu mjini, chenye upana wa mkono. Nilipomkuta siku iliyofuata alikuwa anakohoa kikohozi cha ndani, kile cha kifuani. Viatu vyake vililowa. Bado aliosha vyombo.

"Tunamtafuta huyo mwanamume wa nguzo yako," nikamwambia. "Leo."

Tukaenda soko la samaki. Pale kuna mtu wa ziwani anayeuza omena na mbuta, mtu mzima, mpole, na mke wake ndiye anayekaa kwenye mizani na ndiye mwenye sauti. Mama akamsalimia kwa lugha yao. Wakaulizana, na mimi nikasimama pale kama mzigo, nikisikia majina ya vijiji na ya mababu yakirushwa huku na huku juu ya samaki. Mara yule mwanamume akaweka kisu chini. Akaniambia kwa Kiswahili, "Huyu ni mke wa ndugu yetu. Babu zetu ni wa boma moja."

"Yawa!" mkewe akasema, na mizani ikatulia. "Miaka yote nanunua chumvi pale kwenye duka la mbegu, namruka miguu asubuhi, kumbe ni wa kwetu?"

Tukaeleza jambo la nguzo. Mwanamume akatikisa kichwa kukubali kabla hatujamaliza, lakini mkewe akainua mkono wenye magamba ya samaki.

"Subirini kwanza. Mimi najua hizo nguzo. Leo anapanda nguzo, kesho anaenda kuangalia kama imesimama, kesho kutwa ananiambia paa linavuja. Nimetafutiwa mke mwenza hapa sokoni, na mimi nimeshika mizani!"

"Nyieka," mama akamwita, ndiyo kusema mke mwenza kwao, na nilimwona anacheka kwa mara ya kwanza, "mimi nimebaki mifupa. Nataka nguzo. Huyo mwanamume kaa naye, anakoroma, naona pua yake."

"Usiniite nyieka!" Lakini alikuwa anacheka na yeye, anapangusa macho kwa kiwiko. "Na anakoroma kweli. Sawa. Atapanda, nikiwa nimesimama hapo. Chai asinywe humo ndani hata kikombe kimoja."

Sasa kulikuwa na jambo la usiku. Kwa desturi yenyewe, mwanamume aliyeanzisha nyumba anatakiwa kulala humo. Wanawake wawili wakajadiliana hilo kwa ukali mkubwa, mwanamume mwenyewe akipima omena za mteja kama mambo hayamhusu. Mwisho mama akasema, "Koti lake litalala." Mkewe akafikiria. "Koti litalala. Mwenyewe analala kwangu."

Jumamosi asubuhi tukapanda kule juu na mama, muuza samaki na mke wake. Wanawake wa chama walikuja, hata yule mwenye mdomo, nilikuwa nimeshamweleza na alikuwa amenyamaza siku mbili, jambo ambalo halijawahi kuonekana. Jirani yangu boiyot akaja na nyundo. Nguzo ya kutoa, ili muuza samaki aipande upya kama ya kwanza, ilikuwa ile ya mlangoni, na ili itoke ilibidi kubandua udongo tuliokandika, na kutoa mabati mawili ya kona. Tukaanza. Udongo ulianguka, mabati yakashushwa yakalazwa kwenye nyasi, na nyumba ikabaki imefungua kona moja kama mtu aliyeng'olewa jino.

Hapo hapo pikapu ya mwenyekiti ikafika, na vijana nyuma, na nyundo zao. Na mpiga picha, kwa nini sijui, labda siku hizi hatembei bila yeye.

Akaruka chini. "Mnafanya nini? Mnaiba mabati ya kamati?"

"Tunayaangalia yasichomwe na jua," boiyot akasema.

"Nilisema Jumamosi asipokuwa ndani..."

"Jumamosi haijaisha," nikamwambia. "Na huyu anaingia leo. Tunarekebisha mlango wake."

Nikamweleza. Nilieleza vizuri, kwa adabu, mpaka nikaona anatabasamu kule kwa vijana wake, na adabu yangu ikaisha.

"Nguzo ni nguzo," akasema. "Zote zinashika mabati. Tumeacha kazi zetu kumjengea mtu, sasa anachagua nguzo? Mwombaji hachagui."

"Nani aliomba? Ulimsikia wapi akiomba? Alikuwa anaosha kikombe chako! Mtu akija dukani kwako kununua mlango unamwuliza, mama, unataka unaofungukia ndani au nje, wa mbao au wa chuma, rangi gani. Hata kitasa unamwonyesha vinne. Huyu umempa nyumba nzima, na hukumwuliza kama anataka mlango. Kwa sababu hana cha kukulipa ndiyo hana cha kusema? Miaka yote mji huu umemruka miguu, askari amemwamsha kwa kiatu, mmempakia kwenye lori kama viazi. Na siku mnamjengea, mnamjengea bila yeye! Sasa chukua mabati yako. Chukua! Lakini nguzo ni za vijana wa kanisa, udongo ni wetu, na ardhi hii ni yangu, na hata nikiezeka kwa majani ya chai utaiona imesimama ukipita."

Nilikuwa nimemsogelea mpaka kifuani. Uzee una faida hiyo, mtu anaogopa kukusukuma usije ukamfia mikononi. Vijana wake waliangalia viatu vyao. Mmoja wao, aliyechimba mashimo ile Jumamosi ya kwanza, akashuka kwenye pikapu akaenda kusaidia kuinua.

Sisi tukipiga kelele hivyo, yule muuza samaki hakuwa amesimama kusikiliza. Alikuwa amepiga magoti kwenye shimo. Alilisafisha kwa mikono, akaishika nguzo, akasema maneno machache kwa lugha yao, sikuyaelewa ila jina la mume wa mama nililisikia ndani yake. Akaisimamisha. Mama alikuwa pembeni, mikono ameifunga kifuani, na alipoona udongo unashindiliwa kwenye mguu wa nguzo akatoa sauti ndogo, kama mtu aliyetua mzigo. Mke wa muuza samaki alisimama na koti la mumewe mkononi. Kisha mwanamume akaingia, akalitundika koti kwenye msumari ndani, akatoka haraka kama mtu aliyekanyaga makaa, na sote tukacheka, hata mke wake.

Mabati yakarudi juu. Tukakandika ile kona upya. Nikaenda kwangu nikachukua kaa la moto kwenye kigae, kwa sababu kwetu nyumba mpya haiwashwi kiberiti ikiwa jirani ana moto, na hiyo yetu mama aliikubali bila neno. Akalipokea kwa mikono miwili. Akaingia. Mlango akaufunga.

Tulikaa nje kwenye gogo. Moshi ukaanza kutoka, mwembamba, halafu mzito. Kukohoa kulisikika kidogo, halafu chungu kinasogezwa, halafu kufagia. Anafagia nyumba ambayo haijakaliwa na mtu!

Mwenyekiti hakuwa ameondoka. Labda aliona aibu, labda aliona picha nzuri, mimi siingii ndani ya moyo wa mtu. Alivuta suti yake, akamwita mpiga picha, na akaenda moja kwa moja kwenye mlango, akausukuma kwa kiganja, kama anavyosukuma mlango wa stoo yake.

"Nani huyo?" sauti ikatoka ndani. Ile ile ya chini.

"Ni mimi, mwenyekiti. Tunataka picha kidogo tu, mama."

"Hodi yako sijaisikia."

Mlango ukasukumwa kutoka ndani, ukajifunga kwenye pua yake. Hakuna aliyecheka. Mtu anayelala verandani hapigiwi hodi na mtu yeyote, si mchana si usiku, na nafikiri kila aliyekuwa pale juu alilikumbuka hilo wakati mmoja, wengine kwa miguu yao. Mke wa muuza samaki aliangalia chini.

Mwenyekiti alisimama. Akatuangalia sisi kwenye gogo, labda tumsaidie. Boiyot akatazama mawingu. Matone ya kwanza yakaanza kugonga mabati, na pale mlangoni paa ni fupi, halifuniki mtu mzima na suti.

"Hodi," mwenyekiti akasema.

Ufagio uliendelea.

"Hodi, mama. Hodi hapa kwako."

"Ngoja kidogo," akasema kutoka ndani. "Napanga nyumba yangu."